Kuchoma CD nyumbani: sauti hupotelea wapi?



 Katika toleo la mwaka huu tumeombwa tuandike juu ya CD za sauti, zile ambazo watu huzichoma wenyewe majumbani. Tunajua wapo watakaosema: CD siku hizi nani anazitumia, na kila mtu ana simu na memori kadi? Ni kweli. Lakini hapa Kimamba bado zipo nyumba zenye deki na redio za CD, na yapo makabati yenye CD zilizochomwa miaka ya 2000, ndani yake mna maulidi, khutba, nikahi na darsa za watu ambao wengine wameshatangulia mbele ya haki. Sauti hizo aghalabu hazipo mahali pengine popote. Na sisi wenyewe hapa madrasa tumepata somo letu, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kisa chenyewe ni hiki. Marehemu maalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha kaseti 31. Zilirekodiwa kwa redio kaseti ya kawaida iliyowekwa juu ya mkeka mbele yake, na ukisikiliza vizuri unasikia kuku, watoto wanakohoa, na mara nyingine honi ya treni ikiingia stesheni. Ndani yake mna Juzuu Amma yote, masomo ya tajwid na darsa za Ramadhani. Mwaka 2007 tulizipeleka kwa kijana mmoja aliyekuwa na kompyuta akatuchomea. Zilirudi katika CD mbili tu. Tulifurahi mno! Kaseti za kujaza kikapu zimekuwa CD mbili, tena kijana alituhakikishia kwamba ameondoa ile mikwaruzo na mvumo wa kaseti, sauti sasa ni "safi". Tukatoa nakala kwa kila familia iliyotaka. Kaseti zenyewe tukazigawa, na tuliowapa wengine, tuseme ukweli, walirekodi mpira juu yake.

Miaka michache baadaye mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akiisikiliza CD ile nyumbani kila jioni, alikuja kusoma Surat at-Takaathur mbele yetu. Kila palipo na "thumma" yeye alisoma "fumma". Tukamsahihisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe akajibu kwa adabu: "Ustaadh, kwenye CD maalimu ndivyo anavyosoma." Tukaichukua CD, tukaiweka, tukasikiliza. Mtoto hakusema uongo. Maalimu wetu, ambaye katika uhai wake hakuwa akimwachia mtu kosa la herufi moja, alisikika akisema "fumma".

Sasa, nani aliyeiiba ile herufi?

Sauti inavyokuwa hesabu

Kwanza tufahamu CD ni nini. Sauti ni mtetemo wa hewa, unapanda na kushuka kama maji. Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1963, huuchora mtetemo huo wenyewe kwa sumaku juu ya mkanda. CD haifanyi hivyo. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 baada ya Philips kushirikiana na Sony ya Japani, huupima mtetemo na kuandika tarakimu zake.

Chukulia mtu amesimama kwenye ukingo wa mto Mkondoa na mti wenye alama, kazi yake kupima kina cha maji. Akipima asubuhi na jioni tu, maji yakijaa ghafla mchana na kupungua kabla ya magharibi, daftari lake halitaonyesha kitu. Atasema mto ulikuwa shwari kutwa. Akipima kila dakika hawezi kukosa. Watu wa Kilosa walioona mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 wanaelewa vizuri zaidi kuliko wengine tofauti ya vipimo hivyo viwili.

CD ya sauti hupima mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huchaguliwa kati ya ngazi 65,536, tena mara mbili, spika ya kulia na ya kushoto. Ili kuukamata mtetemo mmoja unahitaji walau vipimo viwili, kwa hiyo CD inaweza kubeba mitetemo hadi kama 22,000 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20,000, na la sisi watu wazima huishia chini ya hapo. Basi kwa upande wa kipimo, CD inalitosha sikio la mwanadamu. Anayekwambia CD kwa asili yake ina sauti mbaya kuliko kaseti, anazungumzia mapenzi yake, nayo ni haki yake.

Hesabu zote hizo zina gharama. Dakika moja ya sauti kamili huchukua nafasi ya kama megabaiti 10, ndiyo maana CD ya kawaida hubeba dakika 74 au 80 basi. Kaseti ya dakika 60 inaingia katika CD moja. Kaseti ya dakika 90 haiingii. Inataka CD mbili. Hapo msomaji mwenye akili ya hesabu ameshaanza kujiuliza kaseti zetu 31 zilienea vipi katika CD mbili.

Herufi zinazopotea kwanza

Si kila sauti inakaa mahali pamoja. Irabu, yaani fat-ha, kasra na dhumma, nguvu yake iko chini, na husikika hata kwenye redio mbovu. Lakini herufi za kupuliza, kama siin, thaa na faa, sehemu kubwa ya utambulisho wake iko juu sana, kwenye mitetemo 4,000 kwa sekunde na kuendelea. Ukiikata sehemu hiyo ya juu, irabu zinabaki nzima, mtu anasikika na maneno yanaeleweka, lakini thaa, faa na siin zinaanza kufanana. Kila aliyewahi kutaja jina lake kwa simu na kuulizwa "umesema S au F?" ameshakutana na jambo hili. Mazungumzo ya simu za kawaida yalikuwa yakipimwa mara 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo chochote kilicho juu ya mitetemo 4,000 kilikuwa hakipiti.

Katika mazungumzo ya kawaida haina shida, akili hujaza yenyewe. Sisi watu wa bara wengi tunasema "selasini" badala ya thelathini na biashara inaendelea. Katika Qur'ani haiwi hivyo, kwa sababu mwanafunzi hajui Kiarabu cha kumwezesha kujaza, anachukua alichosikia. Elimu hii tangu zamani hupokewa kwa masikio kutoka kinywani mwa mwalimu. Hata Misri, ilipokamilisha mwaka 1961 kurekodi Qur'ani yote kwa murattal kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary na kuitoa katika santuri, nia ilikuwa hiyo hiyo, kuhifadhi namna sahihi ya kutamka.

Basi tuifuatilie herufi yetu njiani, toka kwenye mkanda mpaka kwenye CD. Inapita milango minne.

Mlango wa kwanza ni redio kaseti inayochezesha. Hedi ikiwa na uchafu, sauti za juu hufa hapo hapo, kabla kompyuta haijawashwa. Pamba kidogo na spiriti vinatosha: unapangusa hedi, unaacha ikauke, unaweka kaseti. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba hedi ikiwa imekaa upande kidogo tofauti na ile iliyorekodia, sauti hufifia kama mtu anayeongea nyuma ya pazia. Ndani ya redio nyingi kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi. Fundi huizungusha taratibu huku akisikiliza, mpaka herufi za siin zinapong'aa. Na mpira wa mota ukilegea, mkanda huenda polepole, na maalimu wa miaka 40 anakuwa na sauti ya mzee wa 80. Kabla ya yote hayo, ipeleke kaseti mbele mpaka mwisho kisha irudishe, kwani mkanda uliokaa miaka hujikunja na kugandana.

Mlango wa pili ni waya wa kuingia kwenye kompyuta. Hapa ndipo tulipoona makosa mengi zaidi. Mtu anachukua waya kutoka tundu la hedifoni la redio na kuuchomeka kwenye tundu la rangi ya waridi, ambalo ni la kipaza sauti, na linakuza sauti dhaifu. Sauti ya redio si dhaifu, kwa hiyo inafurika. Tundu linalotakiwa, kwenye kompyuta za mezani, ni la rangi ya bluu. Kompyuta nyingi za mapajani hazina tundu hilo, basi hapo punguza sauti ya redio na ya kompyuta mpaka vile vipimo vya kijani visifike kwenye nyekundu hata maalimu anapopaza. Kaseti ikizidiwa huvumilia kidogo, inakuwa nzito tu. Tarakimu hazivumilii: ngazi ya mwisho ikifika, kinachozidi hukatwa kama kwa panga, na hakuna programu itakayokirudisha kilivyokuwa. Afadhali sauti iwe ndogo kidogo. Ukisikia mvumo wa umeme, chomoa chaja, rekodi kwa betri. Na hifadhi faili lako katika muundo wa WAV, ambao haubani kitu. Programu ya Audacity inatolewa bure na inaitosha kazi hii.

Mlango wa tatu ni kusafisha na kubana, na hapa ndipo mwizi wetu alipokamatwa.

Kusafisha kwanza. Mvumo wa kaseti, ule wa "shshsh", unakaa juu, mahali pale pale zinapokaa siin na thaa. Programu ya kuondoa mvumo haijui tajwid. Ukiiamuru iondoe vyote, inaondoa vyote, na inayobaki ni sauti ya mtu aliyemo ndani ya mtungi. Yule kijana alitaka kutufurahisha, na sisi tulifurahi kwa sababu tulisikiliza kwa dakika mbili dukani kwake, na katika dakika mbili mtu husikia kwamba mvumo haupo. Hasikii kwamba na herufi imeondoka nao. Sasa tunasema: acha mvumo ubaki. Sikio huuzoea baada ya muda mfupi. Kata ukimya wa mwanzo na wa mwisho, basi.

Kisha kubana. MP3 ni ufundi ulioendelezwa zaidi Ujerumani, wa kutupa zile tarakimu ambazo sikio halitazikosa sana. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, faili inakuwa kama sehemu moja ya kumi na moja ya ile ya CD, na kwa usomaji wa mtu mmoja wengi hawatagundua tofauti. Lakini ukitaka saa nyingi zaidi ndani ya CD moja lazima ubane zaidi. Kwa kilobiti 64, CD moja inabeba zaidi ya saa 25. Kwa 32, zaidi ya saa 50. Kadiri unavyobana ndivyo sauti za juu zinavyotupwa mwanzo. Hivyo ndivyo zilivyopatikana zile CD za "Qur'ani nzima kwenye CD moja" zilizokuwa zikiuzwa stendi na nje ya misikiti. Qur'ani kwa usomaji wa taratibu hupita saa 20. Kwa CD za sauti kamili ungehitaji CD 15 na zaidi. Hatusemi zile za CD moja hazifai. Kwa aliyekwisha hifadhi na anataka kusikiliza akiwa shambani, zinafaa sana. Kwa mtoto anayejifunza herufi, tunaziogopa.

Na hapa kuna kosa ambalo hata watu wa kompyuta hulifanya. Mtu ana MP3 iliyobanwa sana, anaichoma kama CD ya sauti, programu inaifungua na kuijaza dakika 80, naye anadhani amerudisha ubora. Hajarudisha kitu. Ni kama kumimina kikombe cha chai katika ndoo: ndoo ni kubwa, chai ni ile ile.

Mlango wa nne, kuchoma kwenyewe

Watu huulaumu zaidi mlango huu, na kumbe ndio usio na hatia kubwa. CD ya kiwandani hupigwa mhuri wa vishimo vidogo mno. CD tupu ya kuchomea, iliyobuniwa na kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, ina tabaka la rangi, ndiyo maana ukiigeuza unaona kijani au buluu. Leza ya mashine huichoma rangi hiyo kwa joto na kuacha alama mahali pa vishimo. Zikisomeka sawasawa, tarakimu ni zile zile, na sauti ni ile ile. Nakala ya CD iliyochomwa vizuri haina upungufu wowote wa sauti kwa ile ya asili, tofauti na kaseti, ambayo kila nakala ya nakala huongeza mvumo.

Matatizo huja alama zikiwa hafifu. CD ina akiba ya hesabu za ziada za kujirekebisha, zinazoweza kuziba pengo la karibu milimita 2 na nusu kwenye mstari bila sauti kubadilika hata kidogo. Likizidi hapo, deki huanza kukisia, kisha kunyamaza au kurukaruka. CD duni iliyochomwa kwa kasi ya mwisho huitumia akiba hiyo tangu siku ya kwanza, na mkwaruzo mdogo unaimaliza. Kwa hiyo tunachoma kwa kasi ya kati, mara 8 au 16. Kwa mara 8 CD ya dakika 80 huchukua kama dakika 10 na ushei. Si muda wa kumshinda mtu aliyekwisha subiri saa nzima kaseti icheze.

Programu itakuuliza kama unataka CD ya sauti au ya data. Kwa redio za zamani chagua ya sauti. Itauliza pia kama uache sekunde 2 kati ya kipande na kipande: ukataeni ukimya huo kama sura moja imegawanywa vipande, la sivyo msomaji atakatika mahali pasipo na waqfu. Hakikisha CD imefungwa mwishoni, kwani isiyofungwa haisomwi na deki. Tumia CD-R, zile za kufutika, CD-RW, hurudisha mwanga kidogo na deki nyingi za zamani huzikataa. Na umeme ukikatika katikati ya kuchoma, CD hiyo itupe. Sisi huchoma kwa kompyuta ya mapajani yenye betri iliyojaa, hatubahatishi.

Baada ya hapo ni kutunza. Rangi ile ni adui wa jua na joto, na chini ya bati hapa Kimamba mwezi wa Novemba joto tunalo. Usiiache dirishani wala kwenye dashibodi ya gari. Usibandike karatasi juu yake. Hupoteza mizani na gundi hula. Watu hulinda upande unaong'aa na kuuweka ule wenye maandishi mezani ovyo, ilhali tarakimu ziko karibu zaidi na upande wa maandishi, chini ya ngozi nyembamba ya vanishi. Kuipangusa, toka kitovuni kwenda ukingoni kwa kitambaa laini, si kwa kuzungusha.

Zile CD mbili za 2007, mojawapo haisomeki tena. Ilikuwa ndani ya jaladi, kabatini. Ndiyo maana sasa hatuitegemei CD peke yake: faili za WAV ziko katika diski mbili za kompyuta zilizo katika nyumba mbili tofauti, na moja si ya bondeni. Mzazi mmoja wa Kilosa alipoteza kaseti na CD zake zote kwa maji yale ya mwaka 2009, zilikuwa katika sanduku moja chini ya kitanda kimoja.

Tulipokwisha kuelewa haya tulianza kupita nyumba kwa nyumba kuzitafuta kaseti. Tumepata 19. Ile ya mwisho wa Juzuu Amma ilikuwa kwa mama mmoja karibu na stesheni, ameihifadhi ndani ya kitambaa. Upande wa kwanza una mpira wa redio. Upande wa pili haukuguswa. Tulisafisha hedi, tukakaza skrubu, tukaiacha icheze mpaka Surat at-Takaathur. Yule mwanafunzi, ambaye sasa ni kijana mkubwa, alikuwepo. Maalimu akafika kwenye "thumma", na ulimi wake ulisikika wazi kati ya meno, pamoja na kuku na mvumo wote.

Kaseti 12 hatujaziona. Tunazozihitaji zaidi ni ile ya Surat al-Balad hadi al-Inshiraah, na zile tatu za tajwid zenye karatasi ya kijani na mwandiko wake wa kalamu ya wino. Mwenye nayo asiicheze kwanza, hasa kama redio yake inakula mikanda. Ailete madrasa siku yoyote baada ya swala ya alasiri, tutainakili mbele yake na kumrudishia kaseti yake pamoja na nakala. Anayetaka CD ya zile 19 aje na CD tupu, na mwenye flashi aje na flashi.